Pikipiki Moja, Nyumba Tatu: Jinsi Tulivyoikinga Rejeta ya Oili

Mwezi huu tumepewa nafasi ya kuandika, na tumeona tuandike juu ya kitu kidogo ambacho wengi wanakipita bila kukitazama: ile rejeta ndogo ya oili inayokaa mbele ya injini kwenye pikipiki kubwa kubwa. Msiseme hayo ni mambo ya mafundi na madereva tu. Mtasoma wenyewe muone jinsi kokoto moja ya barabarani inavyoweza kuingia mpaka jikoni.

Sisi tunaosema hapa ni nyumba tatu. Moja ni ya Wakongo waliotoka Kivu Kusini, ya pili ni ya Warundi, na ya tatu ni ya mama mjane kutoka upande wa Rutshuru na watoto wake watano. Tulikutana kwenye kikundi cha akiba. Posho ilipopunguzwa mwaka 2020 tulivumilia. Mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi, huyu apate zaidi, huyu kidogo, huyu asipate kitu. Hapo tukakaa chini tukaambiana ukweli: anayengoja mgao peke yake atalaza watoto na njaa. Tukatoa akiba yetu, tukauza mbuzi na magunia ya mahindi, na mwaka 2024 tukanunua pikipiki moja ya mtumba. Mwaka 2025 majina mengi zaidi yalipotoka kwenye orodha ya chakula, ile pikipiki ikawa ndiyo shamba letu.

Kijana wa nyumba ya Warundi ndiye anayeiendesha, maana ana leseni na ana subira. Mama mjane ndiye anayeshika daftari. Kila jioni pesa inahesabiwa mezani: kwanza petroli, halafu akiba ya matengenezo, halafu mafungu matatu. Humo ndimo inatoka sabuni, chumvi, madaftari ya shule na dawa za bibi. Kwa hiyo pikipiki ikilala siku moja, nyumba tatu zinalala nayo.

Sasa, pikipiki nyingi za boda hapa kwetu, zile za sisi 100 mpaka 150, zinapozwa na upepo tu. Ukiitazama injini yake utaona mapezi ya chuma yamepangwa kama kurasa za kitabu. Hayo ndiyo yanayotoa joto. Ya kwetu ni ya sisi 200 na ina kitu cha ziada. Nyuma ya gurudumu la mbele, mbele ya injini, kuna rejeta ndogo, kama nusu ya daftari la shule. Watu wengine wanadhani ni ya maji. Hapana, ndani yake inapita oili. Pampu ya injini inasukuma oili ya moto kwa paipu moja mpaka kwenye rejeta, upepo unapita katikati ya vibati vyake vyembamba na kuchukua joto, halafu oili inarudi kwenye injini kwa paipu ya pili ikiwa imepoa. Ni msaada mkubwa kwa mtu anayepanda vilima vya Isingiro na abiria nyuma na gunia juu ya tangi.

Shida ni mahali inapokaa na kitu ilichotengenezwa nacho. Ni aluminiamu nyembamba, na imewekwa pale pale mawe yanapopita. Mawe yanatoka pande mbili. Kuna yale yanayorushwa na lori au gari unalolifuata au unalopishana nalo. Na kuna yale ambayo gurudumu lako mwenyewe la mbele linayaokota na kuyarusha nyuma na juu, moja kwa moja kwenye injini. Haya ya pili watu wanayasahau, nayo kwenye njia zetu za marumu yanaruka kutwa nzima.

Mwezi wa saba mwaka 2025, kiangazi kikiwa kikali, jirani yetu mmoja mwenye pikipiki ya namna hiyo hiyo aliamshwa usiku. Mama mjamzito alikuwa ameshikwa na uchungu. Akampakia pamoja na dada yake, wakashika njia ya kituo cha afya. Njiani wakapishana na lori. Alisikia "ta!" moja tu chini ya miguu, akadhani ni kokoto imegonga chuma, akaendelea. Kumbe ilikuwa imetoboa rejeta.

Hapa ndipo ubaya wa jambo hili ulipo. Tangi la petroli likitoboka, linavuja pole pole. Rejeta ya oili ikitoboka injini ikiwa inazunguka, pampu yenyewe ndiyo inayoimwaga oili nje. Injini kama hizi zina oili ya lita moja na kidogo tu, kwa hiyo haichukui muda. Tena pikipiki nyingi hazina taa ya kukuonya. Dereva anakuja kujua kwa harufu ya oili inayoungua juu ya ekzosi, au kwa mlio wa chuma kinachosaga chuma. Na oili ikimwagikia tairi la nyuma, mnaanguka hata kabla injini haijafa.

Jirani yetu hakuanguka, tunashukuru Mungu. Ila kwenye kilima cha pili injini ilianza kugonga, halafu ikakaba, ikasimama. Yule mama akakaa kando ya barabara gizani, dada yake amemshika mgongo, mpaka boda nyingine ikapita ikawachukua. Mtoto alizaliwa salama. Lakini pikipiki haikupona. Pistoni iling'ang'ania ndani ya silinda, na fundi alipotaja bei ya kuifungua na kuijenga upya, ilikuwa pesa ambayo nyumba ile haijawahi kuishika mara moja. Wakaiuza kwa vipande. Watoto wao wawili waliokuwa sekondari wako nyumbani mpaka leo, na baba yao anafanya kibarua cha kulima mashamba ya watu.

Jumapili iliyofuata nyumba zetu tatu zilikutana. Ajenda ilikuwa moja: na yetu je?

Walisema mengi. Kuna aliyesikia kwamba Kampala zinauzwa kinga za kiwandani, lakini ukijumlisha bei na nauli, daftari linakataa. Kuna mjomba aliyesema tufunike rejeta yote kwa kipande cha bati, tumalize maneno. Tulikuwa tumemwalika mzee mmoja fundi, Mkongo, ambaye vijana wote wanamwita Papa. Hakubishana naye. Alimwambia tu, "Ndugu yangu, jifunge shuka usoni, halafu upande kile kilima mbio. Ukifika juu utuambie umepumua namna gani." Watu wakacheka, na mjomba naye akacheka. Maana yake tuliipata: rejeta inaishi kwa upepo. Kinga inayozuia jiwe na upepo pamoja itaua injini ile ile unayotaka kuiokoa, tofauti ni kwamba itaiua pole pole. Kinachotakiwa ni kitu kinachokataa jiwe na kukaribisha upepo.

Mama mwenye daftari ndiye aliyetoa jibu. Aliuliza, "Si kama chekeche la mchanga? Mchanga unapita, kokoto zinabaki juu." Papa akapiga makofi. Basi tukaanza kutafuta.

Waya si waya, hilo lijulikane. Ule wa banda la kuku una matundu makubwa, kokoto ya ukubwa wa maharage inapita bila kubisha hodi. Ule wa dirishani wa kuzuia mbu una matundu madogo mno. Vumbi na matope vinauziba kwa siku moja, na umerudi kwenye bati la mjomba. Uliotufaa ni ule wa chekeche la wajenzi, wenye matundu ya kama milimita 5 mpaka 8, yaani punje ya mahindi inapita kwa shida. Uwe wa chuma kigumu, usikunjike kwa kidole, lakini nyuzi zake ziwe nyembamba ili upepo upate nafasi kubwa kuliko chuma.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Kipande cha waya wa chekeche, shilingi 5,000. Chuma bapa cha kutengenezea fremu, 3,000. Kuchomelea, 4,000. Bolti, nati na washa, 2,000. Waya wa kufungia nondo, 1,000. Jumla shilingi 15,000 za Uganda. Mpira hatukununua, tulikata tairi kuukuu.

Hata hiyo 15,000 ilileta maneno. Mtoto mmoja alikuwa anahitaji sare ya shule, na mama yake akauliza kwa haki kabisa kwa nini chuma kivalishwe kabla ya mtoto. Mama mwenye daftari akafungua ukurasa ambao alikuwa ameandika bei alizoulizia kwa mafundi: rejeta ya mtumba, na injini iliyokaba. Akasoma kwa sauti. Halafu akasema, "Sare tutaishona mwisho wa mwezi kwa pesa ya pikipiki. Pikipiki ikifa, sare tutaishona kwa pesa gani?" Tulikubaliana hivyo, na sare kweli ilishonwa mwisho wa mwezi.

Papa alituanzisha na kazi isiyo na gharama: ulimi wa madigadi. Tulikata kipande cha ubavu wa tairi, upana kama wa madigadi ya mbele, tukakifunga kwa bolti mbili na washa pana kwenye ncha ya chini ya madigadi, nyuma ya gurudumu. Kinashuka chini na kuyazuia yale mawe ya gurudumu lako mwenyewe kabla hayajaruka. Mpira wa tyubu haufai, ni laini, upepo unaukunja. Ulimi usishuke mpaka chini kabisa. Uache kama shubiri moja kutoka ardhini, la sivyo utanaswa kwenye jiwe au ngazi na kung'oa madigadi yote. Na kabla ya kukaza, mtu akalie pikipiki, abonyeze shokapu za mbele kwa nguvu mara kadhaa, na mwingine atazame kama mpira unagusa tairi. Kwa zile pikipiki ambazo madigadi yake yamekaa juu, mbali na tairi, kipimo hiki ni cha lazima, maana gurudumu linapanda na kulifuata.

Halafu ukaja wavu wenyewe. Tulipima rejeta, tukaukata uizidi sentimita moja kila upande. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea fremu ya chuma bapa na kuushika wavu ndani yake, ili ncha za waya zisikate mtu wala paipu. Papa alitupa masharti manne, nasi tunawapa ninyi kama alivyotupa.

Kwanza, kazi ya kuchomelea ifanyike mbali na pikipiki, usilete moto karibu na oili na petroli. Pili, usitoboe rejeta wala kuchomelea kitu juu yake. Fremu ifungwe kwenye vishikio vya rejeta au kwenye chesisi. Tatu, wavu usigusane na vile vibati. Acha nafasi ya kama upana wa kidole, sentimita moja na nusu hadi mbili, ili jiwe likigonga na wavu ukabonyea, usifike kwenye rejeta. Nne, kila chuma kinapokutana na chuma weka kipande cha mpira, kwa sababu barabara zetu zinatikisa, na kinachotikisika bila mpira kinakata, kidogo kidogo, mpaka kinatoboa.

Tulipomaliza, kijana aligeuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, kuona kama nyaya na paipu zinapita bila kubanwa. Mikanda ya plastiki tuliiacha; karibu na ekzosi inayeyuka. Tulitumia bolti, na waya wa nondo kama ulinzi wa pili.

Baada ya wiki tatu tulifungua tuangalie. Watoto walihesabu alama za mabonyeo kwenye wavu wakafikisha kumi na moja. Moja ilikuwa imekunja nyuzi mbili za waya kabisa, katikati, mahali ambapo nyuma yake kuna mrija wa oili. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kila mtu alikuwa anamfikiria jirani yetu na kile kilima cha pili.

Lakini wavu nao unadai haki yake. Wakati wa mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, marumu inakuwa tope, na tope likikauka kwenye matundu linageuka ukuta. Kwa hiyo tumewapa watoto kazi ya kila Jumamosi: ndoo moja ya maji, brashi laini, na injini iwe imepoa kabisa. Wanaosha wavu kwa mbele, halafu tunaufungua na kumwagia rejeta maji kutoka nyuma kuja mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Mpira wa kuoshea magari wenye nguvu hatutumii, unalaza vile vibati. Kibati kilicholala tunakinyoosha kwa kijiti chembamba cha mti au plastiki, pole pole. Kisu hakiruhusiwi hapo. Kwenye siku za matope mengi hatungoji Jumamosi.

Na kila asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, kijana anaisimamisha pikipiki wima mahali pa tambarare, anapima oili, halafu anainama na kutazama chini kama kuna tone. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Usiku tunalaza kipande cha boksi chini ya injini. Oili ikidondoka, boksi litasema asubuhi.

Ikitokea umesikia mgongo wa jiwe mkubwa chini, au umenusa oili, usiseme nitafika tu. Zima injini hapo hapo, sogea kando, tazama. Ukikuta inavuja, usiwashe tena kwa sababu umeongeza oili. Pampu itaimwaga tena. Sukuma, au omba kuvutwa mpaka kwa fundi. Gundi ya chuma inaweza kuziba tundu dogo kwa muda kama sehemu imesafishwa na kukauka vizuri, lakini hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi pole pole, bila abiria. Abiria wako mtafutie boda nyingine, na nauli mrudishie. Jina jema nalo ni mtaji.

Kwa ndugu zetu ambao pikipiki zao hazina rejeta, msidhani makala hii haiwahusu. Ulimi wa madigadi unakinga injini yenu pia. Na yale mapezi ya injini nayo yanataka upepo. Tunaona wengi wakifunga makaratasi na mapande ya turubai mbele ya injini kuzuia matope yasiwarukie miguuni. Miguu inabaki safi, lakini injini inapikwa. Safisheni mapezi, ondoeni vifuniko.

Mwisho ni mwendo. Papa anasema wavu wa kwanza ni mkono wa kulia, ule unaoshika petroli. Jiwe lililolala barabarani, ukilipiga kwa kilomita 60 kwa saa, pigo lake lina nguvu mara nne ya ukilipiga kwa 30. Kwa hiyo ukiona lori linakuja na vumbi lake, punguza. Ukilifuata kwa nyuma, liache litangulie mpaka uione barabara. Utachelewa dakika tano, na jioni mafungu yatagawanywa kama kawaida.

Fremu yetu ya kwanza tumeihifadhi kwenye karatasi, vipimo vyote vimechorwa. Yeyote mwenye pikipiki ya namna hii aje achukue nakala bure, Jumamosi asubuhi watoto wakiwa wanaosha. Yule jirani yetu ndiye aliyetusaidia kuchora, maana anaijua rejeta ile kuliko sisi. Sasa amejiunga na kikundi chetu cha akiba, na mwezi uliopita ameweka shilingi zake za kwanza. Tukifikisha kiasi, zamu yake ya kukopa ni ya mbele.